Kengele ya Uhai ya Mamlaka ya Bahari

Kwa heshima na taadhima, Mamlaka ya Bahari ya Nyanda za Juu iliwatangazia wananchi wote wa Nyeri, Karatina, Kagio na Kutus, pamoja na wale wa Doldol ambako hata mvua huja kwa kubembelezwa, kwamba sasa eneo lao lilikuwa na bahari. Maji yenyewe yangefuata. Kilichokuwa tayari ni mamlaka, bendera, magari mawili na Kaimu Mkurugenzi.

Kaimu Mkurugenzi aliitwa Gicheru, na hilo neno Kaimu lilikuwa limemkaa rohoni. Alikuwa amekaimu tangu mamlaka ianzishwe, akakaimu hadi vijana aliowaajiri wakawa na vitambi, na hakuna aliyemthibitisha. Mlangoni pake palikuwa na kibao cha KAIMU MKURUGENZI, na kila asubuhi alitundika koti lake nje, kwenye msumari uliokuwa juu kidogo ya kibao, likafunika neno la kwanza. Julai ya Nyeri si mchezo. Gicheru alishinda ofisini akitetemeka kwa shati, lakini aliyepita ukumbini alisoma MKURUGENZI, na hilo lilimtosha joto.

Hoja yake kwa serikali ilikuwa nyepesi na haijawahi kujibiwa: maji ya bahari yanaanzia mlimani, kwa hiyo bahari ni mali ya mlima iliyopotelea Pwani. Serikali ilivutiwa. Ikamletea chumba kizima cha injini, kilichokatwa kutoka kwenye meli iliyostaafu, kikapandishwa kwa trela kutoka Mombasa na kuwekwa nyuma ya ofisi, kati ya shamba la viazi na choo. Kilikuwa na kuta za chuma, mlango mzito, vipaza sauti, na injini kubwa ambayo haikuwahi kuwashwa. Injini ya meli hupozwa kwa maji, na mfereji wa pekee wa Mamlaka ya Bahari ulikuwa umezikwa chini ya saruji walipotengeneza maegesho ya wageni.

Ukutani mle ndani palikuwa na ubao wa vifaa, kama ule wa melini. Melini kila spana huchorewa umbo lake ubaoni kwa rangi, ili ikikosekana kila mtu aone pengo lake. Mamlaka ilikuwa imenunua ubao mpya wenye maumbo yote: spana, nyundo, patasi, koleo. Spana zenyewe zingenunuliwa awamu ya pili. Katika taarifa zake Gicheru aliandika kwamba vifaa vipo asilimia mia moja kwa upande wa maumbo.

Kuitunza injini hiyo aliajiriwa Wamucii, mwanamke wa Karatina aliyekuwa injinia wa meli za mizigo miaka mingi, akachoka kuona nyumbani kwa simu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, na mfukoni mwa ovaroli yake aliweka spana namba kumi na saba ambayo hakumwazima mtu. Alipoulizwa kwa nini, alisema mara ya mwisho alipomwazima mtu spana ilikuwa karibu na Singapore, na hadi leo anamsubiri.

"Bosi, hii mlango haina mkono ndani," alimwambia Gicheru siku ya kwanza. "Ikijifunga, mtu wa ndani ataketi huko mpaka mtu wa nje amkumbuke. Tuweke mkono."

"Injinia, nani mwenye cheo ataingia humo?"

"Mimi naingia."

"Nimeuliza mwenye cheo."

Wamucii aliguna. Alikuwa amezoea. Melini, alisema, unaomba ofisi ya nchi kavu ikuletee bomba ya kushoto, wanakaa, wanafikiria, halafu kwa bandari inayofuata unapata bomba mbili za kulia na kalenda. Kisha nati inakuponyoka, inaingia chini ya mabamba ya sakafu kwenye maji machafu, na ukiinama kuitafuta, kengele inalia upande ule mwingine. Unakimbia. Unakuta ni taa tu imeungua. Unarudi, na nati imehama.

Wakati huo Gicheru alikuwa amekiona kitufe chekundu karibu na mlango. Akauliza ni cha nini.

"Hiyo ni ya kusema uko hai," Wamucii alisema, na sauti ikapungua. "Ukiwa peke yako ndani, unabonyeza kila nusu saa. Usipobonyeza, kengele inalia meli yote mpaka kwa kapteni. Mimi iliwahi kuniokoa. Nilikuwa chumba ya kusafisha mafuta, joto mpaka macho inaungua, nikateleza nikaanguka, kichwa ikagonga chuma. Sikubonyeza. Watu wakakuja mbio, mwingine na taulo tu. Hiyo ndio kazi yake, bosi. Inaita watu."

Kisa hicho kilimgusa Gicheru. Alichokisikia ni kwamba kuna mashine inayojua nani hayuko kwenye kiti chake.

Kufikia mwisho wa mwezi kila meza ya Mamlaka ilikuwa na kitufe chekundu, na waraka ulikuwa umebandikwa hadi chooni. Kila mtumishi angebonyeza kitufe chake kila nusu saa. Asiyebonyeza angehesabiwa marehemu. Kamati ilikuwa imependekeza neno mtoro, lakini Gicheru alilikataa kwa sababu mtoro ana haki ya kusikilizwa, na marehemu hana lalamiko lolote linalojulikana. Kengele ikilia, hakuna mtu angesogea mpaka kamati ikae. Nafasi ya marehemu ingekuwa wazi papo hapo, na yeye asingegusa kifaa, asingetia saini wala kunywa chai ya Mamlaka.

Wa kwanza kufariki alikuwa Kagure, katibu wa Gicheru mwenyewe. Alikuwa ametumwa mjini kwa fundi viatu, kuchukua viatu vya Gicheru. Alirudi vikiwa vinang'aa, akakuta ameshafariki.

"Lakini si ni wewe umenituma?" aliuliza.

"Na ulivileta," Gicheru alisema kwa upole. "Mamlaka itakukumbuka kwa hilo."

Kagure aliendelea kuja kazini kwa sababu hakujua marehemu huenda wapi siku za kazi. Si yeye peke yake. Dereva alifariki akiweka mafuta, mhasibu alifariki akiwa benki, na wawili walifariki wakihudhuria semina ya Mamlaka kuhusu uhai. Malalamiko yalipozidi, Gicheru alifungua Dawati la Marehemu, akaandika kwamba rufaa zitaamuliwa na Mkurugenzi kamili, yaani yeye akishathibitishwa, na kwa kuwa Kagure alikuwa na uzoefu, akampa dawati hilo. Kwenye barua zote alitajwa kama marehemu Kagure, na alijibu simu hivyohivyo.

Tatizo lilikuwa Wamucii. Kila kengele ilipolia alitoka mbio na spana yake, akifungua milango, akiuliza nani ameanguka. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye walianza kumngoja, na mhasibu aliwahi kukiri kwamba siku aliyokufa, kuona mtu akija mbio kwa ajili yake kulimtoa machozi. Gicheru alimwonya kwa barua kwamba ukimbiaji unaharibu msiba. Wiki iliyofuata Wamucii alilala chini ya injini akitafuta nati, kitufe chake kikapitwa na wakati huko mezani, naye akafariki.

"Sawa," alisema alipoambiwa. "Na mkono wa mlango?"

Gicheru mwenyewe hakuwahi kufa. Muda mwingi alikuwa nje ya ofisi akikagua fursa, na nyingi za fursa hizo zilikuwa za mbuzi wa kuchomwa na ziko kando ya barabara ya King'ong'o. Kitufe chake kilibonyezwa na marehemu Kagure, aliyepita kila nusu saa na kukigusa kama mtu anayeangalia chungu.

Kisha habari ikaja. Waziri angepanda kutoka Nairobi kuzindua injini, na chini kabisa ya barua palikuwa na sentensi moja ambayo Gicheru aliisoma mpaka akaijua kwa moyo: shughuli ikifana, Waziri angemthibitisha Mkurugenzi siku hiyohiyo, jukwaani. Usiku huo alimwambia mkewe waanze kutafuta mahali pengine pa kutundika koti.

Hakutaka doa lolote. Alijua kwamba watumishi walikuwa wakibonyezeana vitufe, na kama Waziri angegundua, ingekuwa aibu. Basi siku moja kabla ya uzinduzi aliwakusanya wote, walio hai na marehemu, na kutangaza kwamba ni marufuku kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote, kubonyeza kitufe cha mwenzake.

"Hata chako?" marehemu Kagure aliuliza.

"Sheria ni ya wote, Kagure. Hata changu."

Alipigiwa makofi, na hakujua kwa nini yalikuwa marefu vile.

Siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu. Waziri alikaa chini ya hema pamoja na wapiga picha, mchungaji akaomba, na Naibu wa Gicheru, bwana mmoja mpole aitwaye Kinuthia ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amemwangalia Gicheru jinsi mtu anavyoangalia ndizi inayokaribia kuiva, akashika kipaza sauti. Wamucii alitolewa nje ya lango, kwa kuwa ovaroli yake yenye grisi haikupatana na zulia, na askari wa lango, Mugo, akaagizwa asimruhusu marehemu yeyote kuingia mbele ya Waziri.

Injini, tumekwisha kusema, haikuweza kuwaka. Gicheru hakuona kama hiyo ni sababu ya kutoizindua. Alikuwa na mlio mzuri wa injini ya meli kwenye simu yake, na angeingia chumbani mwenyewe, auunganishe na vipaza sauti, kisha atoke akijipangusa mikono kwa kitambaa alichokwisha kukipaka grisi. Kazi kama hiyo humwachii mtu.

"Mheshimiwa, naomba dakika chache nikaiamshe," alimwambia Waziri, na akaenda kwa mwendo wa mtu anayejua anapigwa picha.

Aliingia. Mlango ukajifunga nyuma yake, taratibu, kama mlango uliolelewa vizuri. Gicheru aliunganisha simu, na mlio ukatoka mzito na mtamu hata yeye akasadiki. Nje walipiga makofi. Aliuacha uendelee, akasimama akifurahia, akajaribu kusema mbele ya kioo cha kipimo cha mafuta, "Mimi, Mkurugenzi." Alisema mara nyingi, kwa sauti tofauti tofauti. Mlio ulipofika mwisho alijipangusa mikono na kugeuka kushika mkono wa mlango.

Hapakuwa na mkono. Palikuwa na chuma laini na baridi, na matundu mawili ya skrubu.

Alisukuma kwa bega. Alipiga kwa ngumi. Simu haikuwa na mtandao, kwa kuwa chuma kile kilikuwa kimetengenezwa kuzuia hata bahari. Alikimbilia kitufe chekundu karibu na mlango, akakumbuka kwamba aliagiza king'olewe kipelekwe mezani kwake. Ofisini. Ambako sasa hapakuwa na mtu wa kukibonyeza, kwa amri yake.

Kengele ikalia.

Ililia kila mahali, ofisini, hemani, chooni na humo ndani, na Gicheru akashusha pumzi. Moyo ukatulia. Inaita watu, alijisemea. Sasa watakuja. Akanyoosha tai.

Vipaza sauti vya mle ndani vilikuwa vimeunganishwa na jukwaa ili injinia naye afaidi hotuba, hivyo alisikia kila neno.

"Hiyo ni nini?" ilikuwa sauti ya Waziri.

"Mheshimiwa, ni kengele ya uhai," Kinuthia alisema, na karatasi ikasikika ikikunjuliwa. "Jina lililotokea ni la Kaimu Mkurugenzi. Ndugu zangu, Bwana Gicheru ametutoka."

"Ametutoka aende wapi? Si ameingia hapo sasa hivi? Mtu aende amwangalie."

"Utaratibu hauruhusu, Mheshimiwa. Hakuna kusogea mpaka kamati ikae. Aliandika mwenyewe. Alikuwa mtu wa utaratibu."

"Niko hapa!" Gicheru alipiga kelele. "Kinuthia, wee, niko hapa! Fungua!"

Hakuna aliyesikia. Kamati ikakaa. Ilikaa palepale hemani, kwa haraka na kwa ustadi, kwa kuwa huku kwetu watu wanaweza kushindwa kuunda chama cha maji miaka kumi, lakini kamati ya mazishi huundwa kabla chai haijapoa. Kinuthia akawa mwenyekiti. Mchungaji, ambaye hakuwa ameenda mbali, akaomba tena. Wakajadili hema, na wakakubaliana kwamba hili lililopo linatosha, kwa vile marehemu asingependa gharama.

Gicheru aligeuka kutafuta kitu cha kupigia mlango. Ubaoni kulikuwa na nyundo kubwa. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kuishika, na vidole vikateleza ukutani. Ilikuwa rangi. Akajaribu patasi. Akajaribu koleo. Alipapasa ubao mzima, umbo baada ya umbo, na alipomaliza aliketi kwenye bamba la sakafu na kulia. Baridi ilikuwa imemwingia mifupani, na koti lake lilikuwa ofisini likifunika neno. Alimkumbuka Wamucii ameanguka peke yake kwenye joto, akingoja. Aliogopa kweli. Katika mamlaka yote aliyoijenga, alitamani mtu mmoja tu asiyefuata utaratibu.

"Wananchi," Waziri alikuwa akisema, na sauti yake ilikuwa imelegea kwa uchungu. "Leo nilikuja kumthibitisha ndugu yetu. Mauti hayatanizuia. Mbele yenu na mbele ya kamera, natangaza kwamba kuanzia sasa marehemu Gicheru ni Mkurugenzi kamili."

Gicheru aliinua kichwa. Tusimcheke. Ni mtu aliyekuwa amengoja kitu kimoja maisha yake yote, na hapo sakafuni, na makamasi puani, uso wake ulichanua. Mkurugenzi. Hakuna Kaimu.

"Na ili kazi isisimame," Waziri akaendelea, "Bwana Kinuthia atakaimu."

Hapo ndipo chuma kiligongwa kutoka nje. Mlango ulilia, ukasogea, na mwanga wa manyunyu ukaingia ukiwa na Wamucii ndani yake, spana mkononi, ovaroli imechanika mikono yote na damu inamtoka kwenye kiwiko.

"Pole, bosi, nimechelewa," alisema akihema. "Mugo amekataa nipite kwa geti, ati marehemu hawaruhusiwi. Nimezunguka nikapitia kwa ua ya kaiyaba. Hiyo miiba haina huruma. Umeumia?"

Gicheru alitaka kusema jambo la kiofisi, likakataa kutoka. "Asante," alisema. "Asante sana, mama." Alimshika mkono wenye grisi na hakutaka kuuachia, na Wamucii, aliyejua hali hiyo, alimwacha aushike mpaka wakafika hemani.

Wapiga picha walisimama. Mchungaji alifunga Biblia. Waziri alimtazama Gicheru kutoka viatuni hadi kwenye tai.

"Bwana Gicheru, uko hai?"

"Niko, Mheshimiwa."

"Hiyo inaleta shida," Waziri alisema, na akamvuta kando. "Nimemthibitisha marehemu, na imeenda moja kwa moja kwa televisheni. Kama uko hai, basi wewe bado ni Kaimu. Na Kaimu yuko." Kinuthia aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Kwa hivyo ukiwa hai huna kazi. Ukiwa marehemu wewe ni Mkurugenzi kamili. Fikiria vizuri, lakini kabla ya chakula."

Gicheru alifikiria. Aliangalia kule ofisini, mlangoni pake, ambako koti lake lilikuwa linaning'inia. Haikumchukua muda.

"Mheshimiwa," alisema, "nimekufa."

Waziri aliupenda sana mfumo ule. Aliondoka na kitufe chake mwenyewe kukiweka mezani Nairobi, na kufikia Jumatano naye alikuwa ameshafariki na anatafutiwa wa kukaimu.

Gicheru alikuja kazini Jumatatu na kubaki na koti mwilini, kwa mara ya kwanza, kwa kuwa hapakuwa tena na neno la kufunika. Kwenye kibao chake kulikuwa kumeandikwa MKURUGENZI, peke yake, kwa herufi za dhahabu, na chini yake tarehe mbili. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani, Kaimu Mkurugenzi Kinuthia alikuwa kwenye simu. Chai ilipitishwa ukumbini na ikampita. Kutoka nyuma ya ofisi zilisikika kelele za Wamucii akitia mkono kwenye mlango wa chumba cha injini. Alikuwa ameununua mwenyewe huko Kutus, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba marehemu hagusi vifaa.

Kufikia saa nne Gicheru alikuwa ameshaelewa. Alienda kwenye Dawati la Marehemu, akasubiri nyuma ya dereva na mhasibu, na zamu yake ikafika.

"Jina la marehemu?" Kagure aliuliza bila kuinua macho.

"Kagure, si unanijua. Nataka kukata rufaa. Nimebadilisha nia. Nataka kurudi hai."

Kagure aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, kisha akafunika kalamu.

"Hakuna shida. Lakini rufaa inaamuliwa na Mkurugenzi kamili. Kaimu hawezi. Ni wewe uliandika hivyo."

"Lakini Mkurugenzi ndiye mimi."

"Najua," Kagure alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama, kwa huruma ya kweli. "Pole sana na msiba."